Kuunda kinasa video cha kubebeka kwa kompyuta ndogo

Kabla ya kununua chochote, amua kinasa hiki kitafanya kazi gani. Kama unahitaji vipande vifupi vya video vya kupiga ukiwa umeshika chombo mkononi, simu ya mtumba itakutosha na itakupunguzia usumbufu. Kinasa kinachoelezwa hapa kinafaa kazi inayoilemea simu, kama vile kufungwa kwenye nguzo ya Uwanja wa Lake Tanganyika mjini Kigoma na kurekodi mechi nzima, au kuachwa kando ya vichanja vya dagaa kule Katonga tangu asubuhi hadi jioni, bila kukatizwa na mtu anayepiga na bila mwenye simu kuidai simu yake. Katika kazi ya namna hiyo ubora wa picha hausumbui sana, kwa kuwa hata lenzi za bei nafuu za siku hizi zinatosha. Kinachoharibu kazi ni umeme unaokatika katikati na faili linalobaki halifunguki, na ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu mambo hayo mawili.

Bodi inayofaa, yaani kompyuta nzima iliyojengwa juu ya kibao kimoja, ni Raspberry Pi Zero 2 W, iliyotoka Oktoba 2021 kwa bei ya dola 15 za Marekani. Ina urefu wa milimita 65, upana wa milimita 30 na kumbukumbu ya megabaiti 512. Jambo lililo muhimu kuliko yote ni kwamba ndani ya chipu yake imo sehemu maalumu ya kubana video kwa mfumo wa H.264, hadi pikseli 1920 kwa 1080 na fremu 30 kwa sekunde, bila kuilemea prosesa. Usidhani kwamba bodi ya bei kubwa zaidi ingekuwa bora. Raspberry Pi 5 ya mwaka 2023 haina sehemu hiyo, kwa hiyo hubana video kwa nguvu ya prosesa, na kwa jumla hula umeme mwingi zaidi. Kwa chombo cha betri, huo ni ununuzi mbaya.

Kamera ziko za aina mbili za kufikiria. Camera Module 2 ina pikseli milioni 8 na lenzi isiyobadilisha fokasi, ilhali Camera Module 3, iliyotoka Januari 2023 kwa dola 25, ina pikseli milioni 12 na hujirekebisha fokasi yenyewe. Mimi ningechukua ya pili, lakini kwa mechi au mkutano ningeizuia isitafute fokasi, maana kila mtu akipita karibu na lenzi picha huyumba. Zingatia pia waya bapa unaounganisha kamera na bodi: soketi ya Zero ni nyembamba, yenye pini 22, na waya unaokuja na kamera hizi kwa kawaida ni wa pini 15, kwa hiyo unatakiwa waya wenye ncha pana upande mmoja na ncha nyembamba upande wa pili. Mtu wa Dar es Salaam akiusahau atarudi Kariakoo siku hiyohiyo. Aliyeko Kigoma atasubiri kifurushi kingine kije na basi. Agiza kila kitu kwa pamoja.

Umeme utatoka kwenye pawabenki. Ile iliyoandikwa mAh 10,000 hupimwa kwa volti 3.7 za betri yake ya ndani, yaani wati-saa 37, na umeme ukipandishwa hadi volti 5 sehemu yake hupotea, hivyo hesabu kama 30 tu. Tuseme bodi na kamera vinatumia kati ya wati 2.5 na 3 wakati wa kurekodi: utapata saa 10 hadi 12. Hesabu hii ni ya pawabenki iliyoandikwa ukweli, na nyingi zinazouzwa mitaani hazikuandikwa ukweli, kwa hiyo ipime mwenyewe kwa kurekodi ukutani nyumbani hadi izime. Tumia waya mfupi na mnene. Waya mrefu na mwembamba hupunguza volti njiani, na zikishuka mno bodi hukwama au hujiwasha upya. Bodi za Zero hazina sehemu ya kugundua volti zilizoshuka, kwa hiyo amri ya vcgencmd get_throttled itakueleza habari za joto tu: ikijibu 0x0, joto halijavuka mpaka.

Bodi hii haina saa ya ndani inayoendelea kwenda ikizimwa, na mahali pasipo na intaneti itaamka ikiwa na tarehe ya uongo. Ongeza saa ya DS3231, ambayo ina betri yake ndogo ya duara, uiunganishe kwenye GPIO 2 na GPIO 3 (GPIO ni pini za bodi za kuunganishia vifaa vya nje). Kisha mwombe fundi simu yeyote mzuri pale Mwanga akulehemee swichi ya kubonyeza kati ya GPIO 17 na ardhi (pini ya GND), taa ndogo ya LED kwenye GPIO 27 kupitia rezista ya omu 330, na swichi ya pili kwenye GPIO 21 kwa ajili ya kuzima. Mafundi wengi huiweka swichi ya kuzima kwenye GPIO 3 kwa sababu ndiyo chaguo la kawaida la mfumo, lakini hapa pini hiyo imeshachukuliwa na saa. Ukishaweka mfumo endeshi unaoelezwa hapa chini, katika faili la mipangilio la /boot/firmware/config.txt andika mistari hii miwili:

dtoverlay=i2c-rtc,ds3231
dtoverlay=gpio-shutdown,gpio_pin=21

Mfumo endeshi ni Raspberry Pi OS Lite, usio na madirisha wala picha, unaowekwa kwenye kadi ya gigabaiti 64 kwa programu ya Raspberry Pi Imager. Ukiwa bado kwenye Imager, weka jina la Wi-Fi yako na uruhusu SSH, njia ya kuiamuru bodi kutoka kompyuta nyingine, ili usihitaji skrini wala kibodi. Baada ya hapo jaribu kurekodi kwa amri hii:

rpicam-vid -n -t 0 --width 1920 --height 1080 --framerate 30 --bitrate 8000000 --inline --segment 300000 -o klipu%04d.h264

Ukitumia Camera Module 3, ongeza --autofocus-mode manual --lens-position 0 ili fokasi ikae mbali bila kuhama. Megabiti 8 kwa sekunde ni megabaiti 1, yaani megabaiti 60 kwa dakika na gigabaiti 3.6 kwa saa. Mechi ya dakika 90 itachukua gigabaiti 5.4. Namba 300000 ni milisekunde, na maana yake ni kwamba kila baada ya dakika tano faili moja hufungwa na jingine hufunguliwa.

Sababu ya kutorekodi moja kwa moja kwenye MP4 inafaa ieleweke. Faili la MP4 la kawaida huandikiwa faharasa yake mwishoni kabisa, wakati wa kufungwa, na umeme ukikatika kabla ya hapo, saa nzima ya video hubaki rundo la data ambalo hakuna programu ya kawaida inayolifungua. H.264 ghafi haina faharasa hiyo, kwa hiyo kilichokwisha kuandikwa kwenye kadi husomeka, na ukigawa kwa dakika tano tano, kinachokuwa hatarini ni kipande cha mwisho tu.

Programu ya swichi huandikwa kwa lugha ya Python kwa kutumia gpiozero, maktaba ya kuendeshea pini za GPIO. Mtu akibonyeza mara ya kwanza, itengeneze folda yenye jina la tarehe na saa, ianzishe amri ya hapo juu ndani yake, na iwashe taa. Akibonyeza mara ya pili, itume SIGINT, yaani ishara ya kuiambia amri isimame, isubiri amri imalizike, ndipo izime taa. Usiruhusu taa izimike papo hapo kidole kinapogusa swichi, kwani mwenye kinasa ataichomoa pawabenki faili likiwa bado wazi. Folda nayo ni lazima, kwa sababu namba za klipu huanza upya kwenye sifuri kila mara, na bila folda mpya rekodi ya leo ingefuta ya jana. Programu iwekwe chini ya systemd, sehemu ya mfumo endeshi inayowasha programu, ili iamke pamoja na bodi.

Sauti ni udhaifu wa kinasa hiki, kwa kuwa bodi haina tundu la kipaza sauti. Unaweza kutumia cha USB, lakini kwa mahojiano njia nyepesi ni kumwekea msemaji simu mfukoni ikirekodi sauti, kisha kupiga kofi moja mbele ya lenzi mwanzoni, ili baadaye ulinganishe sauti na picha.

Kasha la chakula la plastiki lenye kifuniko kinachobana linatosha kuzuia vumbi jekundu. Gundisha chini yake nati ya robo inchi kwa gundi ya epoksi, nayo itaingia kwenye tripodi nyingi za kawaida. Lipakwe rangi nyeupe na likae kivulini: prosesa ikifika nyuzi 80 za Selsiasi hupunguza kasi, na kasha jeusi kwenye jua la mchana ufukweni ni jiko.

Ukirudi, usiichomeke kadi kwenye kompyuta ya Windows ukitarajia kuona video, kwa sababu haitazisoma. Vuta mafaili kwa Wi-Fi kupitia programu ya WinSCP. Kwenye Command Prompt ya Windows, unganisha vipande kwa copy /b klipu*.h264 yote.h264, kisha uvigeuze kuwa MP4 kwa programu ya ffmpeg:

ffmpeg -framerate 30 -i yote.h264 -c copy yote.mp4

Kazi hii haibani video upya, hivyo humalizika haraka hata kwenye kompyuta ya zamani. Fungua yote.mp4, ruka hadi mwisho uone kama inacheza, ndipo ufute vilivyo kwenye kadi.