SOMO: Kukodi mwongoza watalii wako mwenyewe kwa siku moja Veracruz, Meksiko

Wakuu, habari zenu. Tangu nilipoweka picha za ngome ya San Juan de Ulúa naulizwa mambo yaleyale: nilimpata wapi mwongozaji, malipo yanakwendaje, usalama ukoje, na mtu mweusi anaangaliwaje huko. Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwenye ujumbe wa faragha, kwa hiyo naliweka lote hapa. Naishi Houston, na Veracruz ndiyo Meksiko ninayoijua. Wa Cancún, kule kwenye fukwe za watalii, wamtafute mwingine.

Kwanza mjue kwa nini naupigania mji huu. Hernán Cortés, Mhispania aliyeongoza vita vya kuiteka Meksiko, alishuka hapa 1519, na muda wote wa utawala wa Hispania hii ndiyo iliyokuwa bandari kuu ya Meksiko upande wa Atlantiki. Madini ya fedha yalitokea hapa kwenda Ulaya, na Waafrika kwa maelfu walishushwa hapa wakiwa watumwa. Ziara za kawaida zinapita juu juu: kanisa, picha, kahawa, duka la zawadi, kwaherini. Ukiwa na mwongozaji wako peke yako unaweza kutaka habari ya Waafrika iwe ndiyo kiini cha siku. Ila lazima uitake mwenyewe, tena mapema. Usipoisema, haitatajwa.

HATUA YA 1: HATI
Pasipoti zetu za Afrika Mashariki na Kongo zinahitaji viza. Huihitaji kama una viza hai ya Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au nchi za Schengen za Ulaya, au ukaazi wa kudumu wa nchi hizo. Walio nyumbani, ubalozi wa Meksiko upo Nairobi.

HATUA YA 2: SIKU
Si Jumatatu. Makumbusho na ngome za serikali kwa kawaida hufungwa siku hiyo. Jumapili raia na wakaazi wa Meksiko huingia bure, kwa hiyo panajaa. Jumanne hadi Alhamisi ndiyo siku zenyewe.

Halafu kuna upepo. Kuanzia Oktoba hadi Aprili hivi hushuka upepo mkali wa baridi kutoka kaskazini, wenyewe wanauita "norte". Ukivuma, mchanga unakuchapa usoni pale ufukweni na vyombo vidogo havitoki baharini. Kama siku yako ina safari ya boti, mkubaliane kabisa mtafanya nini norte ikija. Juni hadi Septemba ni mvua na joto la kukamua shati.

HATUA YA 3: MWONGOZAJI SI DEREVA
Hii msome taratibu. Mimi nilipatana kwa simu na mtu aliyejiita mwongozaji. Akaja kwa wakati, gari safi, mtu mwungwana. Tulipofika lango la ngome akaniambia, "Ingia, nitakusubiri hapa nje." Kumbe alikuwa dereva. Nikazunguka peke yangu kwenye mapango ya mawe nikisoma vibao vya Kihispania nusu nusu, na hela ya mwongozaji nilikuwa nimeshailipa yote.

Meksiko mwongoza watalii ni kazi yenye leseni. Anakuwa na kitambulisho cha Wizara ya Utalii, Sectur, chenye picha yake, lugha alizosajiliwa na tarehe ya mwisho wa kutumika. Maeneo ya kihistoria yaliyo chini ya taasisi ya mambo ya kale, INAH, hayaruhusu mtu yeyote tu kusimama na kundi na kuanza kufundisha. Kwa hiyo kabla hujatuma hata senti:

Omba picha ya kitambulisho. Mwenye nacho hutuma bila kununa, maana amekitolea jasho. Angalia lugha: kama Kiingereza hakipo na wewe Kihispania hukijui, mtatazamana siku nzima. Angalia tarehe. Kisha muulize kwa maneno haya haya: "¿Usted entra conmigo a San Juan de Ulúa?" Yaani, wewe mwenyewe unaingia nami ndani? Jibu liwe la maandishi. Akisema "rafiki yangu atakuwepo pale", mwache.

Na usilipe yote mbele. Kishika nafasi kidogo, kinachobaki mwisho wa siku.

HATUA YA 4: BEI
Bei ya ziara binafsi huwa ya gari zima na mwongozaji wake, si ya kichwa. Watu wanne wanalipa sawasawa na mmoja, kwa hiyo changishaneni. Sasa hatari yenyewe: peso ya Meksiko inaandikwa kwa alama ileile ya dola, $. Ukiona $3,000 usizimie, ni peso. Lakini pia kuna wajanja wanaotaja tarakimu bila kusema ni za sarafu gani, halafu jioni wanadai dola. Kwenye ujumbe andikeni neno "pesos" au MXN. Ulizeni na haya: mafuta, tozo za barabara, maegesho, viingilio, chakula cha mwongozaji. Kila kimoja kipo ndani au nje?

Mashine ya kutolea pesa ikikuuliza kama ikubadilishie kwa sarafu ya kwenu, kataa. Benki yako itakupa kiwango kizuri zaidi.

HATUA YA 5: RATIBA
Tumeni ratiba wenyewe, msingoje ya kwao. Mimi napanga hivi. Ngome kwanza, asubuhi, kabla mawe hayajashika moto. Kisha Baluarte de Santiago, buruji pekee lililobaki la ukuta uliozunguka mji. Ndani mna vito vya dhahabu vya kale ambavyo mvuvi wa pweza aliviokota chini ya bahari 1976. Chakula cha mchana Boca del Río, mji wa jirani, au mbele kidogo kwenye ziwa la pwani la Mandinga. Jioni uwanja mkuu wa mji, ambako wazee waliovaa nguo nyeupe zilizopigwa pasi hucheza danzón taratibu kama hawana haraka na dunia.

Saa mziandike kwa mtindo wao. Saa 3 asubuhi yetu andikeni 9:00, msije mkaamshwa usiku.

HATUA YA 6: SIKU YENYEWE
Viatu vya kufunga. Kofia. Maji ya chupa. Sarafu za vyoo. Pasipoti halisi, si nakala (nimeeleza chini kwa nini).

Ndani ya ngome msikubali kukimbizwa. Ujenzi ulianza miaka ya 1530 na ukaendelea kwa vizazi. Kuna ukuta uliowekewa pete kubwa za shaba nyeusi ambazo meli zilifungiwa kamba. Jengo limejengwa kwa mawe ya matumbawe. Ukiweka kiganja unahisi vijitundu vilevile vya kuta za Fort Jesus. Baadaye palikuwa gereza. Vyumba vitatu viliitwa Utukufu, Toharani na Jehanamu, na cha Jehanamu hakiingizi mwanga. Simameni mle dakika chache kimya. Unyevu unapita ukutani, chokaa imening'inia darini kama michirizi ya mshumaa, na unaanza kusikia tone linavyodondoka. Benito Juárez, aliyekuja kuwa rais, alifungwa hapa 1853 kabla ya kupelekwa uhamishoni.

Mwombeni mwongozaji awasimulie pia Septemba 1568, mabaharia wa Kiingereza John Hawkins na kijana Francis Drake walipopigwa na Wahispania hapo hapo bandarini. Waingereza wale walikuwa wametoka kuuza Waafrika. Simulizi nyingi zinaanza na mizinga na kuwaruka waliouzwa. Msikubali warukwe.

HATUA YA 7: BAHASHISHI
Mwongozaji mzuri mpe asilimia 10 hadi 20. Mkahawani 10 hadi 15.

Karibuni kwa maswali. Someni kwanza.

—

Chapakazi: Dada bei shilingi ngapi jumla?

Mwandishi: Hatua ya 4. Tarakimu sitaji, maana inategemea masaa, ukubwa wa gari na umbali. Ulizia kwa watu watatu, linganisha.

Chapakazi: Sawa lakini kwa makadirio?

Mwandishi: Watatu, kaka. Uwaulize watatu.

Kipanga78: Kwa nini usiende Cancún kama watu wengine? Bahari ya Veracruz nimeona kwenye picha ina rangi ya chai.

Mwandishi: Ni kweli maji ya mjini si ya buluu. Sikusema mwende kuogelea. Somo ni la mji wenye historia na mwongozaji anayeijua. Anayetaka maji ya buluu ana Nungwi, ana Diani, hana haja ya viza.

MamaZai: Asante dada kwa somo. Nataka kumpeleka mama, ana miaka 70 na magoti yanamsumbua. Ngome ataiweza?

Mwandishi: Shikamoo yake mama. Ua wa chini ni mpana na anaweza kuzunguka polepole, lakini mawe si sawa na ngazi za juu hazina huruma kwa magoti. Mwambieni mwongozaji mapema ili aanze na vyumba vya chini na pete za meli, juu mwende ninyi. Kisha mpelekeni Gran Café de la Parroquia akapumzike. Unaagiziwa "lechero": mhudumu anakuletea glasi yenye kahawa nzito chini kabisa, unagonga glasi kwa kijiko, ting ting, anakuja mwingine na birika la maziwa ya moto anamimina kutoka juu hadi povu linafika ukingoni. Mama atapenda kugonga mwenyewe.

Baharia_wa_Tanga: Pasipoti halisi ya nini? Mimi huwa naacha hotelini, nikiibiwa je?

Mwandishi: Swali zuri. Jimbo la Veracruz liko kwenye njia ya wahamiaji wanaopanda kaskazini kuelekea Marekani, na miongoni mwao wamo pia Waafrika. Maafisa wa uhamiaji husimamisha mabasi na magari barabarani. Hata Wameksiko weusi wamewahi kushukiwa kuwa wageni nchini kwao wenyewe. Ukitoka nje ya mji, pasipoti yenye mhuri wa kuingia inamaliza mazungumzo kwa dakika moja, nakala inayaanzisha. Ivae shingoni ndani ya shati. Ukibaki katikati ya mji, kuiacha kwenye sefu si vibaya. Na safari za barabarani ziwe mchana, kwa barabara ya kulipia.

Mtoto_wa_Lubum: Dada, hao Waafrika walitoka upande gani? Kuna mahali pa kwenda kuona habari zao zaidi ya ngome?

Mwandishi: Umenifurahisha, ndugu yangu. Wengi walitoka Afrika Magharibi, na miaka ya mwanzo ya 1600 wengi mno walitoka Angola na Kongo, kwa hiyo swali lako liko karibu na nyumbani kwenu. Mahali pa kwenda ni mji mdogo unaoitwa Yanga, kama kilomita 100 kutoka bandarini, karibu na Córdoba. Gaspar Yanga alitoroka utumwani takriban 1570 akaishi na wenzake milimani, wakiwasumbua Wahispania njia nzima ya kwenda bandarini. Mwaka 1609 wakatumiwa jeshi. Vijiji vyao vilichomwa lakini wenyewe hawakumalizwa, na mwishowe wakoloni wakakubali kuwaachia mji wao huru, San Lorenzo de los Negros. Tangu 1932 mji una jina lake Yanga mwenyewe, na sanamu yake imesimama pale. Usiubane ndani ya siku ya bandarini. Ukodi siku ya pili, uchague mwongozaji anayeifahamu habari hiyo, na umwombe muongee na wenyeji. Katiba ya Meksiko iliwatambua rasmi watu wenye asili ya Afrika 2019 tu, na sensa ya 2020 ikahesabu zaidi ya milioni 2.5 waliojitambua hivyo. Ukienda, rudi utuandikie.

Mtoto_wa_Lubum: Nitaenda. Asante sana.

Chapakazi: Wanaongea Kiingereza huko?

Mwandishi: Hatua ya 3.

Mwana_Kilindini: Hayo matumbawe yamenigusa, sisi nyumba zetu za Mji wa Kale ni hayohayo. Wao waliyapata wapi?

Mwandishi: Mbele ya mji kuna miamba ya matumbawe mingi, leo ni hifadhi ya taifa. Walikata humohumo, na jiwe wanaliita "múcara". Mwombe mwongozaji akuoneshe mahali plasta ilipobanduka, utaona umbo la tumbawe zima zima, hadi mistari yake. Fundi wa Lamu angelitambua bila kuambiwa.

Bint_Masaka: Kando kidogo ya mada. Nimesikia vanila asili yake ni huko. Sisi Uganda tunalima. Ninunue nini cha kumletea baba, yeye ni mkulima?

Mwandishi: Hujaenda kando hata kidogo. Vanila asili yake ni misitu ya Meksiko na Amerika ya Kati, na Watotonaki, kabila la wenyeji wa upande wa Papantla, kaskazini mwa jimbo hilihili la Veracruz, ndio waliojulikana kwayo zamani. Huko kwetu maua hayajichavushi yenyewe, ndiyo maana baba yako anachavusha kwa mkono ua moja moja. Ufundi huo uligunduliwa 1841 kisiwani Réunion na kijana mtumwa mweusi wa miaka 12, Edmond Albius. Mletee baba maganda mazima ya Papantla, meusi, laini, yanayojikunja bila kuvunjika, ayalinganishe na yake. Chupa kubwa za vanila ya maji za bei chee zilizopangwa kwenye vibanda vya zawadi usiziguse. Nyingi ni za kutengenezwa, na baadhi zimekutwa na kemikali iitwayo kumarini, ambayo Marekani imepigwa marufuku kwenye chakula. Mwongozaji akikung'ang'aniza duka moja tu la vanila, jua ana chake pale. Mwambie akupeleke sokoni.