SOMO: Kukaa kwenye fleti ya kupanga kwa siku chache katika jiji kubwa (someni kabla ya kuuliza)

Wakuu, ujumbe ni uleule: "Nimepata fleti nzuri, nakaa siku tano, nizingatie nini?" Nimechoka kunakili majibu. Nayaweka hapa mara moja, na atakayeniuliza tena namrudisha kwenye uzi huu.

1. Soma maoni ya wageni waliotangulia, ukianza na yale mabaya.

2. Jumlisha gharama zote ndipo ulinganishe. Ada ya usafi hulipwa mara moja, kwa hiyo anayelala usiku mmoja inamuumiza, anayelala kumi hata haioni.

3. Hakikisha fleti ni halali. New York, tangu Septemba 2023, anayepangisha kwa chini ya siku 30 sharti awe amesajiliwa, awepo nyumbani muda wote wa ukaaji wako, na wageni wasizidi wawili. London nyumba nzima hairuhusiwi kuzidi usiku 90 kwa mwaka bila kibali. Paris tangazo lazima liwe na namba ya usajili. Mwenyeji akikwambia "mlinzi akiuliza, sema wewe ni binamu yangu", tafuta kwingine.

4. Lipa ndani ya mtandao uliopangia. Hakuna punguzo la pembeni.

5. Kabla ya kusafiri uliza milango ni mingapi, funguo zinachukuliwa wapi, na kwenye kengele ya mlangoni kumeandikwa jina gani. Piga picha ya maelezo hayo, maana ukifika huenda huna intaneti.

6. Rekodi video ukifika. Hapa ndipo nilipoungua. Nilifika usiku, nikatupa begi sakafuni, nikalala. Wiki moja baada ya kuondoka ukaja ujumbe: jiko la kioo lina ufa, lipa. Ufa ule niliukuta! Tena niliuona asubuhi ya kwanza nikichemsha maji, nikaupuuza. Mtandao ukaniomba ushahidi, sina. Nikalipa jiko la watu. Siku hizi begi haligusi sakafu kabla sijamaliza: naanzia mlangoni, video moja isiyokatika, nafungua friji na oveni, nafungulia bomba, navuta maji chooni, nainua shuka na kukagua mishono ya godoro (vidoti vyeusi ni dalili ya kunguni). Kasoro nazituma kwa mwenyeji usiku uleule, KWA UJUMBE WA NDANI YA MTANDAO, ili saa na tarehe zibaki pale. Usirekodi baada ya kupangua mizigo, watasema umeharibu wewe. Usifute video ukishatoka. Kila mtandao una muda wake. Airbnb, kwa mfano (yangu haikuwa huko), mgeni ana saa 72 za kuripoti tangu agundue tatizo, na mwenyeji ana siku 14 baada ya wewe kutoka kudai fidia.

7. Siku ya kutoka: taka, madirisha, video tena, funguo.

MASWALI

mzee_wa_begi: Mkuu, kwa siku tano itanigharimu kama shilingi ngapi?

Mji gani? Miezi gani? Watu wangapi? Rudi namba 2.

kisiki: Kwa hiyo ulivunja jiko la watu halafu unatupa somo?

Sikulivunja. Nimeandika "niliukuta". Soma taratibu.

popo_wa_usiku: Naogopa kamera zilizofichwa. Nazitambuaje?

Swali zuri. Airbnb ilipiga marufuku kamera zote za ndani kuanzia 30 Aprili 2024, hata zile zilizotajwa kwenye tangazo. Za nje zinaruhusiwa zikitajwa. Zima taa, washa tochi ya simu na umulike polepole saa ya mezani, chaja, king'ora cha moshi, hasa vinavyotazama kitanda au bafu. Lenzi humeta kama jicho la paka. Ukiipata, usiing'oe: ipige picha, toka, kisha ripoti.

kisiki: Mwenyeji anataka nimlipe nje ya mtandao, anapunguza bei. Nilipe?

Namba 4. Ina sentensi mbili tu.

ngazi_tano: Nyongeza: milango mingi ya fleti za Ulaya hujifunga yenyewe ukiivuta. Nilitoka na mfuko wa taka nikiwa na kandambili, funguo ndani.

Pole sana, ndugu yangu! Na usiku usiache ufunguo kwenye kitasa kwa ndani, maana vitasa vingi havikubali tena ufunguo wa nje. Mwenzako akirudi itabidi akugongee hadi uamke.

popo_wa_usiku: Na tangazo likisema ghorofa ya nne bila lifti?

Inategemea nchi. Marekani ghorofa ya kwanza kwa kawaida ndiyo ya chini kabisa, kwa hiyo unapanda ngazi za ghorofa tatu. Ufaransa wanaanza kuhesabu juu ya ile ya chini, unapanda nne. Una begi kubwa?

popo_wa_usiku: Mawili.

Tafuta yenye lifti, dada.