Kufufua Land Rover 109: anza na namba ya chesi, si na rangi

Arusha bado kuna Land Rover 109 nyingi (109 ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) zimelala nyuma ya nyumba, kuku wanatagia ndani. Ukiipata moja na unataka itembee tena, mimi huenda hivi.

Hatua ya 1: Jua una gari gani

Usiamini grili. Magari haya yamepita mikono mingi: bodi ya Series III (1971 hadi 1985) unaikuta juu ya chesi (fremu ya chini) ya IIA, toleo la kabla yake, na gia boksi imetoka kwingine kabisa. Piga brashi ya waya kwenye mshikio wa springi ya mbele kulia mpaka namba ionekane: kwa kawaida tarakimu nane, kisha herufi moja. Herufi hiyo usiiache. Inaonyesha gari lilitoka kiwandani baada ya mabadiliko yapi, na muuza spea anayeijua kazi ataiulizia. Andika pia namba ya injini na ya gia boksi, maana kila moja inaweza kuwa na ukoo wake.

Niliwahi kuiruka hatua hii. Nikanunua klachi ya inchi 9.5 ya Series III, gia boksi tayari iko chini, kumbe flaiwili, lile gurudumu zito la injini linalobeba klachi, ni ya zamani, ya inchi 9. Gari likalala juu ya magogo wiki nzima na mwenyewe anapita kila jioni kuuliza.

Hatua ya 2: Chesi

Bodi ni ya aluminiamu, kwa hiyo gari linaweza kung'aa juu huku chini limeoza. Chesi ni chuma, na kutu yake huanzia ndani. Lala chini ugonge kwa nyundo ndogo, hasa boriti ya nyuma kabisa na pale dereva anapoweka miguu. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu, au nyundo inazama. Ukikuta lami mbichi imepakwa, ikwangue, kuna kitu kimefichwa.

Kabla ya kukata, simamisha gari sawasawa kwenye stendi na upime kona kwa kona. Chesi ikipinda wakati wa kuchomelea, milango haitafunga tena. Kata mpaka ufike kwenye chuma safi. Kiraka juu ya kutu ni hela ya mteja inayotupwa. Bodi inapogusana na chuma, weka mpira mwembamba, la sivyo unyevu utaila aluminiamu.

Hatua ya 3: Spea

Fungua kwanza, kisha nenda dukani na kile cha zamani mkononi. Dar ni Gerezani na Shauri Moyo. Nairobi ni Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Angalia breki: dramu za 109 ni inchi 11, za 88, ile fupi, ni inchi 10, na muuzaji mwenye haraka atakupa yoyote. Kabureta iliyotumika nanunua. Mipira ya breki iliyotumika, hapana.

Hatua ya 4: Kufunga na kuwasha

Tafuta spana za inchi: 7/16, 1/2 na 9/16. Za milimita zitakula vichwa vya nati. Injini ya petroli ya lita 2.25, nafasi ya tapeti za vali ni inchi 0.010, ya pointi za kuwashia ni inchi 0.015. Jaribu breki kabla gari halijatoka getini.

Rangi njoo nayo mwisho kabisa. La kwangu lilitembea miezi minne likiwa na mabaka.