Mazoezi ya utulivu kwa simu, kwa kijana mwenye ADHD

Mdogo wangu, ADHD ni hali ya ubongo inayofanya iwe vigumu kutulia na kuweka akili pamoja, lakini kozi nyingi za utulivu mtandaoni zimetungwa kwa mtu anayeweza kukaa tuli. Ile ya Jon Kabat-Zinn, mwalimu wa utulivu, iliyoanzia Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, huchukua wiki 8, na mazoezi ya nyumbani hufika dakika 45 kwa siku. Usianzie huko. California, daktari Lidia Zylowska na wenzake walitengeneza mafunzo mengine kwa wenye ADHD. Nayo ni ya wiki 8, ila unaanza na dakika 5, na kukaa kukikushinda unatembea. Jaribio lao la kwanza, lililochapishwa mwaka 2008, lilikuwa na watu wazima 24 na vijana 8, bila kundi la kulinganisha nalo, kwa hiyo siwezi kukuuzia kama tiba. Lakini kati ya vijana ninaowasimamia, huu ndio mtindo ambao hawautoroki.

Kabla hujalipia kozi yoyote, uliza mambo mawili: zoezi la kwanza ni la dakika ngapi, na je, naruhusiwa kuzima kamera nikasimama? Mwalimu akisita, tafuta mwingine.

Pakua sauti ya zoezi mapema, kisha weka simu kwenye hali ya ndegeni. Usisikilize moja kwa moja mtandaoni, maana ujumbe mmoja tu wa WhatsApp utakuondoa na hutarudi.

Sasa tembea, kutoka kitandani hadi mlangoni, polepole, pekupeku. Kisigino kinagusa sakafu, halafu unyayo, halafu vidole. Sikia baridi ya saruji. Kabla hujafika mlangoni utakuwa umeshaanza kuwaza deni, mpira, au kitu ulichoahidi kumtumia mtu jana. Sema kimoyomoyo "nawaza", urudi kwenye kisigino. Ukirudi mara ishirini, umefanya zoezi mara ishirini. Vijana wengi huacha hapa wakidhani wameshindwa, na inaniuma, kwa sababu kule kurudi ndiko tunakokutafuta.

Baada ya hapo lifunge zoezi kwenye kazi yako. Kijana mmoja ni fundi simu, na kila akishika bisibisi huvuta pumzi moja kwanza, akasikia chuma kinavyokaa vidoleni, ndipo afungue skrubu. Anasema skrubu hazimpotei kama zamani. Mwanafunzi anaweza kufanya hivyo kabla ya kufungua daftari, na muuza duka kabla ya kurudisha chenji.

Tafuta na mwenzako wa kufanya naye kwa saa ileile, hata kama mnaitana kwa simu tu mnanyamaza pamoja; siku hiyo zima arifa badala ya kuweka hali ya ndegeni. Peke yako utasahau.

Dawa ulizoandikiwa endelea nazo, na usibadilishe dozi bila daktari. Na ikiwa kufumba macho kunakuletea hofu au kumbukumbu mbaya, fumbua, simama, kunywa maji, umwambie mwalimu siku hiyohiyo. Kikao kinachofuata fanya macho wazi.