Kuhariri picha kwa mtindo wa Aaron Siskind

Chagua mpigapicha mmoja, ukae naye. Siskind wa Marekani (1903–1991) ni mwanzo mzuri mno: kuta zilizobambuka rangi, mabango yaliyochanika, vyote kwa nyeusi na nyeupe. Chukua picha zake kumi na uchore kwenye karatasi maumbo meusi peke yake. Utaona kwamba nyingi hazina mstari wa upeo wa macho wala kina, na weusi mara nyingi hugusa kingo za fremu.

Piga picha ya ukuta kamera ikiwa sambamba nao, tundu la lenzi f/8, faili ghafi (RAW, ambayo kamera haijaichakata). Ukiinamisha kamera, mistari hukimbia na ule ubapa hupotea.

Anza kuhariri kwa kukata. Ondoa chochote kinachofichua ukubwa: kitasa, msumari, swichi. Hapa ndipo picha inapozaliwa, kwa hiyo jaribu mikato kadhaa kabla ya kugusa mwanga. Kisha iondolee rangi kwa kurekebisha kila rangi kivyake: ukipandisha nyekundu na chungwa, kutu hung'aa, ukishusha bluu kupita kiasi, chembechembe za kelele ya picha (noise) hujitokeza. Shusha weusi mpaka maumbo makubwa yashikane, ila mikwaruzo ya kwenye kijivu ibaki.

Kinachoharibu kazi nyingi ni ukali uliozidi. Kingo huzungukwa na mstari mweupe na rangi iliyobambuka huonekana kama plastiki. Kwa kawaida kuongeza kidogo tu hutosha.

Ukihamia kwa Ernst Haas, mpigapicha wa rangi aliyejulikana kwa picha za mwendo, mbinu hubadilika: mtiririko wa rangi katika picha zake hutokana na shata ya polepole, kama 1/15 ya sekunde, wakati wa kupiga.