Kabla hujamnyooshea mguu daktari wa sindano za Kichina

Kwanza kula. Nitarudi hapo, maana hilo ndilo lililoniangusha puu mbele za watu.

Vaa nguo pana. Suruali ipande juu ya goti bila kugombana nayo. Kina mama, dera linafaa kuliko gauni la kubana. Asubuhi hiyo usikwangue ulimi kwa mswaki, usinywe kahawa, usile ubuyu wa rangi. Daktari atakwambia utoe ulimi, atazame rangi yake na utando wa juu, kisha atakushika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu na kukaa kimya. Hapo ndipo anapousoma mwili wako. Ubuyu ukimdanganya, shauri yako.

Sindano ziwe mpya. Ni nyembamba kama unywele, haziingizi dawa yoyote, na hutumika mara moja tu. Pakiti ifunguliwe unaona. Ukizikuta zimelowekwa kwenye kikombe cha spiriti, chukua viatu vyako.

Mwenye mimba aseme, hata ya wiki mbili tatu: kuna sehemu, mojawapo ile nyama kati ya kidole gumba na cha shahada, ambazo kwa desturi mjamzito hachomwi. Anayekunywa dawa za kuzuia damu kuganda aseme. Aliyewekewa kifaa cha kuendesha moyo pia aseme, kwani sindano nyingine huunganishwa na umeme mdogo.

Sasa hilo la kula. Goti lilinipeleka kliniki moja Dar. Nilitoka Mbagala alfajiri na kikombe cha chai ya rangi tumboni, nikakaa foleni mpaka saa tano. Daktari Mchina, mtu mzima, na kijana wa kutafsiri. Swali la kwanza: "Mzee, umekula?" Nikajibu kama nilivyolelewa: "Nimekula mwanangu, ahsante." Ningejibuje vingine? Mtu akikuuliza umekula, hata utumbo ukilia, unashukuru. Baadaye nikaja kujua kwamba Wachina nao husalimiana hivyo hivyo. Ila siku ile haikuwa salamu.

Vitanda vilijaa, nikawekwa kwenye kiti. Ya kwanza aliichoma chini ya goti, vidole vinne kutoka kwenye pia, upande wa nje wa ugoko. Wenyewe wanapaita zusanli. Haikuuma. Akaizungusha kidogo, ukaja uzito wa ajabu, ganzi ikashuka hadi unyayoni. Hiyo ndiyo wanayoitafuta, wanasema qi, yaani nguvu ya mwilini, imefika. Ilipoingia ya mkononi, masikio yakavuma, jasho la baridi likanitoka, ukuta ukawa mweupe. Yaliyofuata nilisimuliwa. Niliinama ubavu taratibu kama gunia la mkaa, na sindano ya mkono ikajipinda kwenye ukingo wa meza.

Nilizinduka nimelazwa sakafuni, miguu imepandishwa kitini, sindano zote zimetolewa, kijana ananinywesha maji ya moto yenye sukari kwa kijiko. Daktari akanieleza: qi ni nguvu inayopita mwilini kwa njia kuu 12, na sindano huisukuma pale ilipokwama. Mwenye njaa hana cha kusukumwa. Hospitali watakwambia presha ilishuka ghafla. Chagua maelezo uyapendayo, sakafu ni ile ile.

Kwa hiyo kula kitu chepesi saa moja au mbili kabla, si ubwabwa wa kushindwa kuinama. Ukifunga, nenda siku nyingine. Mara ya kwanza uchomwe umelala. Hakuna kitanda? Subiri kitanda.

Vikombe vya kunyonya ngozi visikutishe, ni ndugu wa kuumika kwa chuku. Ila alama hukaa siku kadhaa, mwambie mwenzio mapema yasije yakazuka mengine.

Ukichomwa begani au kifuani, tulia. Sindano ikizama mno huweza kutoboa pafu. Kifua kikibana ukifika nyumbani, hospitali muda huo huo.

Dawa zao za mitishamba za unga zisizo na lebo usizibebe. Kweli, artemisinini ya dawa mseto ya malaria ilitoka kwenye mitishamba ya Wachina, lakini ilipitia maabara kwanza. Mjini Brussels, miaka ya 1990 mwanzoni, wanawake waliopewa dawa za kupunguza unene waliharibika figo kwa sababu mmea mmoja wa Kichina uliwekwa mahali pa mwingine.

Vidonge vya presha, sukari na ARV usiviache. Mgongo, goti, kichwa, hapo wapo wanaopata nafuu. Kibao kinachotaja saratani, ugumba na nguvu za kiume kwa pamoja, pita. Uliza bei ya mzunguko wote, hawakuchomi siku moja. Hesabu sindano zikiingia na zikitoka, papasa hadi kisogoni. Usipande bodaboda ukiwa bado na kizunguzungu. Na usiende peke yako. Mimi simu yangu ilikuwa na nywila, na pale sakafuni hakuna aliyejua ampigie nani.