Namna ya Kuanzisha Kikundi cha Wazee na Vijana Katika Vijiji vya Moshi

Anayetaka kuwakutanisha wazee na vijana katika vijiji vya mlimani hapa Moshi na aanze na kazi, asianze na sherehe. Kosa hilo nililifanya mwenyewe. Mara ya kwanza tulikodi viti na turubai, tukawaketisha wazee mbele na vijana nyuma, mgeni rasmi akazungumza kwa muda wa saa nzima na ushei, soda zikagawiwa, picha zikapigwa, na kila mtu akarudi kwake bila kujua jina la aliyeketi jirani naye. Wiki iliyofuata hakuna kijana aliyepita kumjulia hali mzee yeyote, wala hakuna mzee aliyekuwa na sababu ya kumwita kijana. Utaratibu ninaoueleza hapa tuliupata baada ya aibu hiyo.

Kazi kwanza

Kazi inayofaa ni ile ambayo mzee hawezi kuimaliza peke yake, na kijana naye hawezi kuianza peke yake. Kwetu huku haihitaji kutafutwa mbali, kwa kuwa kihamba, yaani shamba linalozunguka nyumba ya Mchagga, kinayo tele: migomba, mibuni, miti ya kivuli na ng'ombe wa kufugwa ndani, vyote katika eneo moja dogo. Kilimo hiki cha vihamba ndicho kilichofanya kijiji cha Shimbwe Juu kitambuliwe na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2011 kuwa miongoni mwa maeneo ya urithi wa kilimo duniani, lakini wanaojua kukiendesha ipasavyo wamezeeka, na wajukuu wao wengi hawajawahi kushika mkasi wa kupogolea.

Chukua mfano wa kupogoa mibuni baada ya mavuno. Bibi mmoja katika kikundi chetu huketi kwenye kigoda chini ya mgomba, fimbo mkononi, na vijana wake wawili husimama mbele ya mbuni wakisubiri. Huinyoosha fimbo hadi iguse otea, yaani chipukizi, analolikusudia na kusema, "Hilo toa. Hilo lililoinamia bondeni liache, ndilo litakalonilisha mwakani." Kijana akikata kabla ya kuambiwa, fimbo humgonga kifundo cha mguu, si kwa kuumiza. Baada ya Jumamosi tatu alianza kuwauliza wao kwanza wangekata lipi, kisha akawasahihisha. Hakuna semina ambayo ingewafundisha hivyo.

Kazi nyingine ni kuzibua mfongo, yaani mfereji wa asili wa kumwagilia, kabla ya kiangazi, kwa kuwa wazee ndio wanaokumbuka maji yanachepushwa wapi kutoka mtoni na zamu za kumwagilia ziligawanywaje. Nyingine ni kukusanya majina ya ndizi kwa Kichagga. Hapo uwe tayari kwa mabishano, maana Kichagga cha Machame si cha Marangu, wala cha Marangu si cha Rombo, na kila mzee atashikilia kwamba chake ndicho kilichonyooka. Waache wabishane; vijana hucheka, na hurekodi kwenye simu zao.

Jambo la msingi ni kwamba mzee asiwe mtu wa kuhurumiwa tu. Mjini Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mitaani kuketi kwenye mabenchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu waliolemewa na mawazo, na mpango huo umeenea kwa sababu bibi hao ndio watoa huduma. Katika mji wa Deventer, Uholanzi, wanafunzi hupewa vyumba bure ndani ya makao ya wazee kwa sharti la kutoa saa 30 kila mwezi wakiwa majirani wema. Hatuna haja ya kuiga mabenchi wala vyumba. Ninachokipenda kwao ni kwamba kila upande unajua unatoa nini.

Ruhusa, na hasa ruhusa ya familia

Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, mweleze afisa maendeleo ya jamii wa kata, na kama kijiji kina baraza la wazee, anzia huko. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, na sera ya vijana ya mwaka 2007 inamhesabu kijana kuanzia miaka 15 hadi 35; umri huo utakusaidia unapoandika barua. Kwa kijana aliye chini ya miaka 18, pata kibali cha mzazi kwa maandishi.

Hata hivyo, barua zote hizo hazina uzito kama simu moja kwa watoto wa mzee. Kwa desturi ya Wachagga, kihamba cha wazazi humwangukia kitinda mimba wa kiume, na akisikia akiwa Dar es Salaam kwamba vijana wasio wa ukoo wanaingia kihambani kila Jumamosi, atawaza mengine kabisa. Mpigie kabla jirani hajampigia. Mweleze ni kazi gani, siku gani na nani anaisimamia. Kisha weka masharti mawili yasiyo na mjadala: mzee mmoja ahudumiwe na vijana wawili, asibaki na mmoja peke yake ndani ya nyumba, na kijana asikope wala kupokea fedha za mzee, hata za kununulia chumvi, bila msimamizi kujua. Picha za mzee zisiwekwe mtandaoni kabla hajaonyeshwa na kukubali.

Siku, mahali na chakula

Epuka siku ya soko. Epuka pia Jumamosi ikiwa kuna Wasabato kikundini, na usipange kazi za nje wakati wa masika, kwa kuwa njia za mlimani huwa na utelezi ambao fimbo haiumudu. Sisi hukutana kuanzia saa nne hadi saa sita mchana, muda ambao majani ya ng'ombe ya asubuhi yamekwisha kukatwa. Viti viwe na mikono, kwa sababu mzee hujiinua kwa mikono kabla ya miguu. Choo cha kuchuchumaa huwatesa wenye magoti mabovu, kwa hiyo mwombe seremala akate tundu kwenye kiti imara cha mbao. Mtori unafaa kuliko wali, hata asiye na meno hula akashiba. Chai iandaliwe na sukari pembeni. Na kabla ya lolote, kila kijana apite akiamkia mzee mmoja mmoja, asisimame mlangoni na kutupa "shikamooni" ya jumla.

Zamu ya simu

Kila mwisho wa mwezi tunageuza mambo, kijana akawa mwalimu. Usianze na intaneti. Anza na ujumbe wa matapeli ambao karibu kila mzee amewahi kuupokea: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Msomeeni, mwulizeni kama kuna hela yoyote aliyoahidi kutuma, kisha mwonyesheni namna ya kumpigia mwanawe kwa namba iliyokwisha kuhifadhiwa badala ya kujibu. Namba ya siri mzee aiandike mwenyewe, kijana akiwa amegeuza uso kabisa. Nami husimama nikiangalia kama amegeuka kweli. Maandishi ya simu yakuzwe siku hiyohiyo, maana wazee wengi wanaodaiwa kuwa hawajui simu hawaoni tu kilichoandikwa.

Migogoro itakuwepo. Kijana wetu mmoja hakufika kwa mzee wake mara tatu mfululizo bila kutoa taarifa, na mzee akakataa kumwona. Bibi yake kijana huyo alimpa jani la isale, ambalo kwa Wachagga ni ishara ya kuomba msamaha, akamwambia alipeleke mkononi, aombe radhi. Alipokelewa, akapewa jembe.

Mzee akiugua, vijana wake ndio wa kwanza kuarifiwa, na akifariki kikundi kizima kiende msibani, vijana wake wawili wakiwa karibu na familia. Usiwapangie mzee mwingine Jumamosi inayofuata. Sisi tulifanya hivyo mara moja kwa kuona nafasi iko wazi, na mmoja wao hakurudi tena. Sasa tunasubiri walau mwezi, na wakitaka kumalizia kupogoa mibuni iliyobaki ya marehemu, tunaomba ruhusa kwa kitinda mimba.